Bibi wa Utani

Tulipomuuliza kwao ni wapi, alisema Uttan.
Masikio yetu ya Kigogo yakasikia utani,
na mtaa mzima wa Chamwino ukapata mtani
asiyejua kuwa ni mtani.

Natalina, mke wa Paskoli fundi wa reli.
Sari aliipitisha katikati ya miguu, akaichomeka nyuma,
akatembea kama mtu anayevuka maji ya magoti
hapa Dodoma, ambapo ndoo moja
huogesha mtoto, hufua, kisha humwagiliwa mchicha.

Uhindini walimpimia mchele bila kumtazama:
mvuvi huyo, tena wa msalaba.
Kanisani walimpisha benchi zima, akae peke yake.
Padri mgeni akamuuliza alibatizwa lini.
"Sisi tuna karne nne majini, Padri.
Wewe ukoo wenu una ngapi?"
Mama yangu alicheka mpaka akatolewa nje ya misa.

Uani kwake kulikuwa na miti minne na kamba za katani.
Kwao, alisema, kuna samaki laini kama kamasi,
mdomo wazi, hutundikwa wawili wawili
mmoja kamng'ata mwenzie taya,
na pwani nzima hukauka ikiwa imeumana.
Perege wa Mtera hawakukubali kung'atana.
Akawafunga kwa uzi, mmoja mmoja, akiwalaani kwa lugha yake.
Harufu ikavuka ua, ikaingia kwenye mlenda wetu.
Mama akapiga kelele. Jioni akatuma bakuli.

Sasa niseme la kwangu.
Mwezi wa nane, mbalamwezi pevu, upepo wa vumbi,
nilimfuata mpaka korongoni.
Alikuwa na nazi moja ya sokoni Majengo,
ameipaka manjano, ameifunga ua la bogenvilea.
Akapiga ishara ya msalaba. Akasali Baba Yetu
(niliijua kwa mwendo wake, si kwa maneno),
akaiweka mchangani, palipokuwa na mto
miezi mitano nyuma,
akasema na bahari isiyokuwepo
kama mtu anayesema na jirani mlango umefungwa.

Alipoondoka niliichukua.
Nilikuwa na miaka tisa na uwele ulikuwa umekwisha ghalani.
Niliivunja kwenye jiwe, nikanywa,
nikala mpaka meno yakauma,
vifuu nikafukia.

Asubuhi alirudi kuangalia. Nilikuwa juu ya ukingo, nachunga mbuzi.
Aliutazama mchanga mtupu, muda mrefu.
Kisha akapiga kofi moja, la furaha:
"Imepokewa!"
Miaka thelathini na moja nimebeba neno hilo.

Tulimzika Januari, siku ya tope.
Wachimbaji waliishia kiunoni, chini kulikuwa na mwamba,
mtaimbo ukalia.
Ndipo wakaja watani, mama mbele,
kanga kaipitisha katikati ya miguu, kaichomeka nyuma,
karai la perege kichwani,
akaziba njia ya jeneza.
"Hapiti mtu! Huyu alituharibia mboga miaka arobaini.
Lipeni kwanza!"
Mjukuu wake, Jeroni, aliyekuja kwa basi kutoka Moro,
akasimama kaduwaa, akamtazama Padri.
Padri alikuwa anatoa mia tano mfukoni.

Mimi nilikuwa na nazi ndani ya koti.
Nilitaka niishushe kimyakimya, miguuni pake,
nimwambie chini chini ni nani aliyepokea.
Chiloleti, mtani kuliko watani, akaliona koti limevimba.
"Huyu kamwibia marehemu!"
Watu wakacheka. Sikukana.
Akaipokonya, akaipasua kwa mtaimbo,
maji yakaingia kaburini, mengine kwenye kiatu changu,
nyama akawagawia watoto wa mtaa.

Kilibaki kipande, akanipa.
Nikakila nimesimama pale pale,
na udongo mwekundu ukianza kushuka.